Rejeta Inavuja: Namna Ninavyoiziba Uani Kwangu, Mtwara

Mnada wa korosho ukishaanza mwezi Oktoba, kumpata fundi Mtwara ni bahati. Wote wamelala chini ya malori. Ukimpelekea gari dogo linalodondosha maji atakwambia "liache hapo, nitalitazama", na litakaa hapo mpaka watoto waandike majina yao kwenye vumbi la kioo. Ndivyo nilivyoanza kuziba rejeta mwenyewe. Kazi yangu hasa ni ukarani wa mizani kwenye ghala la korosho. Ufundi nimeuokota kwa mjomba, ndugu wa mama, aliyezeeka akitengeneza Land Rover 109.

Ninayoyaeleza nimeyafanya kwenye Corolla yangu ya 110, ya otomatiki, na kwenye magari ya majirani. Gari lako likiwa jingine, boliti zitakaa kwingine, lakini njia ni ile ile.

Andaa spana namba 10 na 12, bisibisi, koleo la kawaida na lile la mdomo mrefu, karai kubwa la kufulia, pampu ya baiskeli yenye geji, tyubu kuukuu ya baiskeli, msasa, thina, vitambaa, na gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Kabla ya kulipia gundi soma pakiti: iwe inahimili joto la nyuzi 120 au zaidi. Nyingine zinalainika mapema mno, na ile ya kukauka kwa dakika 5 mimi huikwepa kabisa.

Hatua ya 1: Acha injini ipoe

Gari limechemsha, mshale umepanda mpaka kwenye nyekundu, mvuke unatoka chini ya boneti. Zima, kaa kivulini. Usimwage maji ya baridi juu ya injini ya moto, unaweza kupasua hedi, yaani kichwa cha injini, na hapo rejeta itakuwa tatizo dogo.

Mfuniko wa rejeta usiufungue. Tazama juu yake: umeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha unayoishikilia, kwa baa. Kwenye 0.9 maji hayachemki kwa nyuzi 100, yanangoja mpaka karibu 118. Sasa wewe fungua mfuniko maji yakiwa na nyuzi 110: presha inaondoka papo hapo, na yale yaliyokuwa maji yanageuka mvuke usoni kwako. Nina kovu la kiwiko linalothibitisha habari hii.

Namna ya kujua kama muda umefika ni kuubonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama tairi, bado. Ukibonyea kama embe bivu, funika mfuniko kwa kitambaa kinene, zungusha mpaka kituo cha kwanza, sikiliza, kisha malizia.

Hatua ya 2: Tafuta maji yanatoka wapi

Hapa ndipo watu wanapoharaka, na mimi niliharaka. Mara ya kwanza gari lilipovuja niliona tenki la juu la rejeta limelowa, kulia, karibu na shingo. Nikanunua gundi, nikapaka kwa mikono miwili, kesho yake nikaondoka na familia kwenda Masasi. Tulipokaribia Mnazi Mmoja mshale ukapanda. Nikashuka, nikafungua boneti: gundi iko imara kama jiwe, na maji yanaruka juu yake. Yalikuwa yanatoka kwenye klipu ya mpira wa juu iliyolegea, yanateremka juu ya tenki na kudondokea chini. Tiba yake ilikuwa kugeuza bisibisi nusu mzunguko. Mjomba nilipomsimulia hakucheka hata kidogo. Alisema, "Maji ni mwongo, mpwa wangu. Yanatoka huku, yanaangukia kule."

Kwa hiyo kabla ya kushika gundi, fanya hivi. Osha sehemu yote ya mbele ya injini, ikauke. Jaza maji, funga mfuniko, tandika boksi lililofunguliwa chini ya gari, washa injini. Liache liungurume mpaka feni ianze kuzunguka. Sasa chungulia kwa tochi, mikono na nguo mbali na feni, kuanzia juu kushuka chini, maana tone la chini kabisa ndilo lisiloaminika. Feni nayo hupeperusha matone kuyarudisha kwenye injini, ukaja kuilaumu pampu bure.

Gari likiwa baridi tafuta ukoko kama wa chaki. Kulanti, ile dawa ya rangi ya kupozea injini, ikikauka huacha ukoko wa rangi yake, mwekundu au wa kijani, na maji matupu ya kisima huacha ukoko mweupe. Ukoko huanzia pale penye tundu. Wenye kushukiwa ni hawa: klipu na ncha za mipira, ule mstari ambapo tenki la plastiki limeshikana na sehemu ya alumini, plastiki yenyewe hasa karibu na shingo inapopokea maji ya moto, koki ya kumwagia maji chini, vipaipu vya katikati, na mipira midogo ya hita iliyojificha nyuma, ambayo wengi tunaisahau. Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya puli yake. Kikilia machozi, sili ya pampu imekwisha na rejeta haina kosa.

Na kama maji yanapungua lakini boksi ni kavu? Fungua mfuniko gari likiwa baridi, washa injini, utazame ndani. Mapovu yasiyoisha, moshi mweupe nyuma hata mchana wa jua kali, au mafuta ya injini yaliyogeuka kama uji: hiyo ni gasketi ya hedi. Ishia hapo, mwite fundi, hata kama utapanga foleni nyuma ya malori.

Hatua ya 3: Mfuniko kwanza

Ni wa bei ndogo kuliko vyote na watu huubakiza mwisho. Geuza uangalie mpira wa chini: ukipasuka, ukiwa mgumu kama plastiki, au springi imechoka, haushikilii presha. Maji yatachemka mapema, yatakimbilia kwenye chupa ya akiba na kumwagika, nawe utadhani rejeta imetoboka. Nunua wenye namba ile ile. Usiweke wa 1.1 kwenye rejeta ya 0.9 kwa kudhani kikubwa ni bora. Rejeta iliyozeeka utaipasua.

Hatua ya 4: Mwaga

Vua waya hasi wa betri ili feni isikushtue. Weka karai chini, legeza koki. Ikiwa imeganda usiilazimishe, ni plastiki. Vua mpira wa chini badala yake. Zitatoka lita kadhaa, na nyingine hubaki ndani ya injini.

Kulanti ni sumu, na ina utamu. Mbuzi wa jirani atainywa, kuku pia, na mtoto akiona ile rangi nyekundu atadhani ni juisi. Ihifadhi kwenye dumu lenye alama, pasipofikika, na dumu hilo lisije likarudi kubeba maji ya kunywa hata ulisuuze mara kumi.

Hatua ya 5: Toa rejeta

Kama kosa ni klipu, mpira au koki, huhitaji hatua hii. Badilisha, nenda hatua ya 8.

Chomoa soketi ya waya wa feni. Fungua boliti zinazoshika fremu ya feni, inyanyue itoke. Vua mipira miwili mikubwa. Kwenye otomatiki kuna vipaipu viwili vyembamba vya mafuta ya giaboksi kwenye tenki la chini. Vivue, vizibe haraka kwa boliti iliyofungwa kitambaa, mchanga usiingie. Ukikuta mafuta hayo yamechanganyika na maji, yamekuwa kama maziwa ya rangi ya waridi, rejeta imetoboka ndani kwa ndani. Hiyo haizibiki kwa gundi, na giaboksi nayo inataka kusafishwa kabla haijafa. Mwisho, fungua vishikio viwili vya juu na unyanyue rejeta wima.

Kuhusu mipira iliyoganda: usiichokonoe kwa bisibisi. Mimi niliichokonoa. Shingo ya plastiki ilikatika kama muhogo mkavu, na rejeta iliyokuwa na tundu la sindano ikawa haina mdomo. Ushike mpira kwa koleo juu ya kitambaa, uuzungushe kulia na kushoto mpaka uachie. Ukikataa kabisa, uchane kwa wembe kwa urefu. Mpira unanunuliwa, shingo hainunuliwi.

Rejeta ikiwa mkononi, tazama mapezi yake, vile vibati vyembamba. Sisi wa Shangani na Mikindani tunapigwa na hewa ya bahari mwaka mzima. Mapezi huliwa na chumvi mpaka ukiyagusa yanasagika kama majani makavu. Yakifika hapo usipoteze gundi. Kama bado ni mazima lakini yamejaa udongo mwekundu wa Newala na wadudu, yaoshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukipiga kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotokea.

Hatua ya 6: Ijaze upepo, izamishe

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa sababu hapa maji hayawezi kudanganya tena. Ziba mdomo wa chini kwa kipande cha mpira wa zamani ulioingiziwa mti laini uliochongwa, ukabane kwa klipu. Mdomo wa juu uvishe mpira mwingine, na humo weka kipande cha tyubu ya baiskeli chenye vali yake, ukizungushia raba mpaka kisipumue. Kipaipu kidogo cha kwenda chupa ya akiba kizibe pia, na hivyo viwili vya giaboksi. Mfuniko uwe umefungwa.

Sasa pampu, taratibu, ukitazama geji. Tairi la gari dogo huchukua upepo 30, yaani psi 30 kwenye geji. Rejeta ya mfuniko wa 0.9 haitaki kuzidi upepo 13, na ya 1.1 mwisho 16. Usiipeleke kwenye kompresa ya gereji wala usiruhusu kijana akusaidie kwa kasi. Tenki la plastiki hupasuka kwa kishindo na vipande vyake vinakata.

Zamisha kwenye karai. Usiposhikwa na haraka utaona uzi wa mapovu ukipanda kutoka mahali pamoja. Weka alama kwa kalamu ya rangi. Geuza, zamisha upande wa pili, kwa sababu rejeta nzee mara nyingi ina matundu mawili na la pili ni dogo.

Karai hilo na pampu ndivyo ninavyokwenda navyo pia nikinunua rejeta ya mtumba. Muuzaji akikataa kuzamishwa kwa rejeta yake, nimeshapata jibu.

Hatua ya 7: Ziba, kwa kufuata aina ya tundu

*Tundu la sindano kwenye kipaipu cha alumini.* Kwa koleo la mdomo mrefu ondoa mapezi yanayolizunguka, sentimita mbili kila upande, pole pole bila kukitoboa kipaipu. Kwangua kwa msasa mpaka alumini ing'ae, futa kwa thina, iache juani. Usiguse tena kwa kidole; jasho la mkono linatosha kuifanya gundi ibanduke. Changanya gundi sawa kwa sawa kama pakiti inavyosema, ukandamize kwa kijiti iingie hasa, kisha zungushia kipaipu pande zote unazofikia. Ngoja saa 24. Najua pakiti inasema saa chache. Ngoja saa 24.

Kipaipu kikiwa kimechanika kwa urefu, kikate, kunja ncha zote mbili kwa koleo, zizibe kwa gundi. Maji yatapita kwa vilivyobaki. Kimoja au viwili gari halitahisi. Vikifika vinne, rejeta inakuaga.

*Ufa kwenye tenki la plastiki.* Toboa kitundu cha milimita 2 mwisho wa ufa, kila upande, la sivyo utaendelea kutembea chini ya gundi. Chonga ufa wenyewe uwe na mfereji wenye umbo la V, sugua sentimita tatu kuzunguka, safisha kwa thina. Gundi tabaka la kwanza, juu yake kipande cha wavu mwembamba wa chuma, kisha tabaka la pili. Nakwambia wazi kwamba hii ni dawa ya muda. Plastiki iliyopasuka kwa uzee itapasuka sentimita tano mbele. Yangu ilidumu miezi minne, ikanifikisha mwisho wa msimu nikanunua nyingine.

*Mstari wa tenki na alumini.* Kuna raba ndani, na meno ya alumini yameikunjia plastiki. Zungukia meno yote ukiyabana kidogo kidogo kwa koleo, kisha zamisha tena. Mara nyingi hilo peke yake linatosha. Usipake gundi nje ya mstari huu. Maji yatatafuta njia ya pembeni.

*Rejeta ya shaba, ya magari ya zamani.* Hii ndiyo pekee inayokubali risasi. Alumini ikiguswa na hewa hujivika ngozi ya oksaidi ambayo risasi ya kawaida haiishiki, ndiyo maana anayekwambia atailehemu kwa risasi ya bati anakuchezea. Kwa shaba, kwangua mpaka iwe nyekundu safi, paka asidi ya kulehemia, pasha moto, yeyusha risasi. Huyeyuka kwenye nyuzi kama 190, kwa hiyo funga kitambaa kilicholowa kwenye viungo vya jirani, la sivyo unaziba kimoja na kufungua viwili. Fanya nje penye upepo, moshi wake si wa kuvuta. Mjomba alikuwa akiimaliza ndani ya muda wa chai kuchemka. Mimi bado inanichukua asubuhi nzima.

Utaulizwa kuhusu manjano, yai, sabuni ya mche, na zile dawa za kumimina. Sabuni ya mche ikikandamizwa juu ya tundu inaweza kukutoa Nanganga ikakufikisha Ndanda, sina ugomvi nayo. Lakini kinachomiminwa ndani hakichagui tundu. Kinaziba pia vipaipu vizima na vile vyembamba zaidi vya hita. Nimewahi kukata rejeta ya jirani iliyolishwa manjano kwa mwaka mzima. Nusu ya vipaipu vilikuwa vimejaa kama mrija wa kiko.

Ukimaliza, rudi kwenye karai. Upepo ule ule, dakika 10, bila povu hata moja. Hatua hii usiiruke kwa sababu kumekucha na unataka gari.

Hatua ya 8: Rudisha, jaza

Kurudisha ni kinyume cha kutoa. Hakikisha raba mbili za chini zimekaa kwenye matundu yake. Klipu ziwe nyuma ya ule mwinuko wa shingo, si juu yake. Kaza mpaka mpira uanze kujikunja, usikaze zaidi. Kwenye otomatiki kagua pia mafuta ya giaboksi, uongeze yaliyodondoka.

Maji ya visima vyetu vya pwani mengi yana chumvi. Ukiyaweka yanakula alumini na kuacha magamba. Mimi hutumia kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri (siyo asidi), au ya mvua niliyokinga baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo. Corolla huchukua lita 5 hadi 6. Mimina polepole, ukibinya mpira wa juu mara kwa mara hewa itoke.

Hatua ya 9: Toa hewa

Liegeshe gari pua ikitazama mlimani, handbreki imekaza na tairi zimewekewa mawe. Rudisha waya wa betri. Hita iwe ya moto mwisho, naam, hata kwa joto la Mtwara. Mfuniko ukiwa wazi, washa injini. Maji yatashuka, ongeza. Mpira wa chini utabaki baridi kwa muda, kisha ghafla utapata moto: themostati, vali inayoyazuia maji mpaka injini ipate moto, imefunguka, kwenye gari kama langu ni karibu nyuzi 82. Mapovu makubwa yatatoka, ongeza tena. Yakiisha, funga mfuniko, jaza chupa ya akiba mpaka alama ya juu, weka alama yako kwa kalamu.

Hatua ya 10: Safari fupi

Usianze na Masasi. Nenda Mikindani na urudi, kama kilomita 20 na ushee, jicho kwenye mshale. Acha lipoe, tazama chupa. Maji yatakuwa yameshuka kidogo kwa hewa iliyosalia, ongeza. Asubuhi saba zinazofuata tandika boksi lile lile chini ya gari usiku, ulikague kabla ya kwenda kazini. Alama isiposhuka na boksi likabaki kavu, unaweza kupanda mlima.

Siku ya nane nilikwenda Newala ukweni, nikiwa na dumu jipya la lita 20 za maji safi kwenye buti, kwa hofu. Lilirudi tupu. Rejeta haikunywa hata kikombe. Mama mkwe aliliona, akasema huku juu hatujaona bomba wiki ya pili, akalimimina lote mtungini.